RAM ya GB 4 ndani ya Synology DS220+: kwangu imefaa, ila angalia kwanza kama waihitaji

Wenye hizi NAS za nyumbani (kile kisanduku cha diski cha kuweka mafaili ya nyumba nzima kwa mtandao), hii ni ya mwenye DS220+ ya kampuni ya Synology iliyoanza kuwa nzito. Yangu iko hapa Tudor, Mombasa, kazi yake kubeba picha na video za familia nzima, na mwajua kwetu harusi moja tu kuanzia kesha mpaka kupamba ni picha maelfu, kila shangazi anataka zake.

Hii mashine yatoka kiwandani na RAM, yaani memori, ya GB 2 tu, zimechomewa kwa bodi hazitoki, halafu kuna sloti moja tupu. Sasa washa Synology Photos, programu yake ya picha, ianze kutambua sura za watu, ongeza na Docker (ya kuendesha programu nyingine ndani yake) juu yake, hizo GB 2 zaisha mara moja, mashine yaanza kutumia diski kama memori (ndiyo swap) na hapo ndo wasikia diski zakwaruza usiku kucha na kufungua albamu moja wangoja mpaka wachoka. Kabla hujatoa pesa fungua Resource Monitor ndani ya DSM (mfumo wa hiyo NAS), angalia memori na swap wakati kazi zote zinaenda. Kama swap haijaguswa na wewe ni wa kuweka mafaili tu, bakisha pesa zako wallahi.

Mimi nilinunua duka moja dogo karibu na Digo Road na yule kijana nampa heko. Hakuniuzia ovyo. "Ami, ni model gani hiyo?" Nikamtajia, akaangalia kwa simu, akaniambia hii yataka DDR4 ya laptopu, ile fupi ya volti 1.2, DDR3L hata haiingii kwa sababu pengo lake liko pahali pengine. Akatoa kipande cha kasi ya 2666, akasugua meno yake kwa raba ya penseli, akakitia kwa laptopu yake kwanza nione mwenyewe inasoma GB 4, ndo akapokea pesa. Ni mtumba, haikufika elfu tatu. Ile rasmi ya Synology, D4NESO-2666-4G, ni ghali zaidi na kuipata hapa mjini ni shida.

Kuweka hakuna bisibisi. Zima kutoka kwa DSM sio kuchomoa tu stima, toa waya, vuta trei zote mbili (weka alama ipi ya kwanza, zirudi vile vile), chungulia ndani na tochi ya simu utaiona sloti kwa ukuta wa pembeni. Linganisha pengo, sukuma sawasawa mpaka ikae, isibaki upande mmoja umeinuka. Na ukiwa umefungua, pangusa vumbi la feni, huku kwetu vumbi na unyevu wa bahari vyashikana vyawa kama udongo.

Ikiwaka itakuletea ujumbe kwamba memori si ya Synology, kazi yaendelea tu. Lakini fanya memory test kwa Synology Assistant (programu ya kuweka kwa kompyuta yako), usiruke hii, memori mbovu yaharibu mafaili kimya kimya na picha za marehemu babu huwezi kupiga tena. Mashine haitatumika wakati wa test na yachukua muda, kwa hivyo iwache usiku.

Matokeo sasa. Albamu zafunguka haraka, diski zimetulia, Docker na Photos zaenda pamoja bila kugombana. Kitu ambacho hakibadiliki ni kasi ya kunakili, hiyo yabanwa na waya wa gigabiti, MB 110 hivi kwa sekunde basi, na prosesa, Celeron J4025, ni ile ile ya kori mbili.

Wako wanaotia 8 au hata 16 na yasoma, lakini Synology wenyewe wasema mwisho ni GB 6 jumla, mimi nimesimama hapo na kwa nyumba ya watu kama sita zatosha kabisa. Mwenye NAS kubwa zaidi, DS920+, tayari una GB 4 ndani, wewe angalia swap kwanza kabla hujaenda dukani.