Bodi ya kijani, ya kahawia au ya mistari: ipi ya kulehemia saketi yako?

Saketi ikishafanya kazi kwenye bredibodi (bodi ya majaribio ya kuchomekea vipuri bila kulehemu) na unataka idumu, dukani utakuta bodi za aina tatu. Zote matundu yake yameachana milimita 2.54, na kwa macho zinakaribiana. Chuma cha kulehemu kikizigusa ndipo zinapotofautiana.

Ya kahawia ni karatasi iliyoshindiliwa kwa fenoli, yenye shaba upande mmoja. Bei yake ni rahisi na inakatika vizuri: pitisha kisu mara kadhaa juu ya safu ya matundu, kisha ivunje. Lakini vijiduara vyake vya shaba vimeshikwa na gundi tu. Chuma cha wati 60 kisichodhibitiwa joto kikikaa sekunde sita au saba, gundi inalegea na kijiduara kinabanduka. Mara ya kwanza kiungo hutoka kizuri. Balaa ni siku ya kubadilisha kipuri. Soketi inayochomekwa na kuchomolewa kila siku usiiweke humo kabisa. Shaba ikiwa nyeusi, na Pwani huwa nyeusi upesi, isugue kwa msasa laini uifute kwa spiriti, la sivyo risasi ya kulehemia itajikunja tone bila kushika.

Tunayoipendekeza ni ya kijani, ya faiba (FR-4), yenye shaba pande zote mbili hadi ndani ya tundu. Risasi inashuka tunduni na kuushika mguu wote, hivyo kipuri kinaweza kutolewa na kurudishwa bila shaba kung'oka. Anza na ya sentimita 5 kwa 7: kwa kawaida ina matundu 18 kwa 24. Arduino Nano, bodi ndogo ya kompyuta ya kuendeshea saketi, inachukua 15 kwa 7, nafasi inabaki tele. Waya wa risasi wa milimita 0.8 na joto la nyuzi 350 vinatosha. Kasoro yake ni kwamba upande wa juu nao una shaba: kristali (kipuri cha kutoa mapigo ya saa) au potenshiomita (kipuri cha kuzungusha kurekebisha ukinzani) yenye ganda la chuma ikilazwa hapo huunganisha matundu yasiyohusiana. Iinue kidogo, au iwekee kipande cha plastiki chini. Njia za umeme zitengeneze kwa miguu ya rezista uliyokata. Usiburute risasi kutoka tundu hadi tundu, kwani hupasuka na hula risasi bure.

Ya mistari, ambayo mafundi wengi huiita Veroboard hata kama si ya kampuni hiyo, ina mistari ya shaba, kila mmoja ukiunganisha matundu yake yote, na inafaa saketi yenye aisi (IC, kipuri chenye saketi nzima ndani) chache. Mstari ukatwe chini ya aisi, ili miguu ya pande mbili isiungane: ya miguu 8 inahitaji mikato 4, ya miguu 14 mikato 7. Zungusha kwa mkono ncha ya kutobolea ya milimita 3.5, kisha pima kila mkato kwa multimita. Unywele mmoja wa shaba ukibaki, miguu miwili inayotazamana itaungana, nawe utailaumu aisi.

Kwa wanaotaka kutengeneza bodi ya kupachika juu ya Arduino Uno, ndugu mkubwa wa Nano, hakuna hata moja kati ya hizi itakayoingia sawasawa: safu mbili za pini za dijitali zimeachana milimita 4.06, nje ya mpangilio wa 2.54. Nunua bodi iliyochongwa kwa ajili ya Uno.

Umeme wa ukutani wa volti 230 usiupitishe kwenye bodi yoyote kati ya hizi. Nafasi kati ya shaba na shaba haifiki milimita moja. Tumia moduli ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) iliyokwisha tengenezwa, na kwenye bodi yako pitisha volti 5 za kuiwasha tu.