Mbegu za tumbaku ya sadaka: nzuri, ila maelekezo yake mh!

Nilinunua pakiti ya Nicotiana rustica, tumbaku ambayo Waanishinaabe wa Amerika Kaskazini huiita asemaa na kuitoa sadaka wanapoomba. Mbegu zenyewe ni kama unga wa ugoro. Nilipiga chafya, nusu ikapeperuka! Karatasi ya maelekezo inasema zifukiwe sentimita 1. Msithubutu. Nilizofukia hazikutoka hata moja. Nilizonyunyiza juu juu ya udongo na kuziacha wazi, maana zinataka mwanga, zilichipua siku ya tisa. Sasa mimea imenifika kiunoni, maua ya njano yenye ukijani, majani yananata vidoleni kama ulimbo. Vaeni glavu, nikotini yake ni kali kuliko ya tumbaku ya sigara. Mbegu nyota nne, karatasi sifuri.