Ignition kwenye mtambo wa maziwa: uzoefu wangu wa kuunganisha vitufe na data

Nimeitumia Ignition, programu ya kuonyesha na kudhibiti mitambo kwenye skrini ya kompyuta, mwaka mzima sasa kwenye mtambo wa kupasha maziwa joto ili kuua vijidudu, hapa Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga Road. Nilichoipendea hasa ni namna inavyounganisha vitu vya kwenye skrini na PLC, kile kikompyuta kinachoendesha mashine zenyewe.

Programu tuliyokuwa nayo zamani, ambayo sitaitaja, ilitaka kila kitufe na kila kisanduku cha namba kiandikiwe anwani yake ya rejista, yaani mahali ndani ya PLC panapohifadhi namba hiyo. PLC yetu inaongea Modbus, lugha ya vifaa vya viwandani ya kupeana data, na huko rejista ileile mwongozo mmoja utaiita 40001, mwingine utaiita 0. Ukikosea kwa moja unasoma ya jirani. Kuna siku skrini ilishikilia kuwa joto ni 61 huku kipimajoto cha kwenye bomba kikisoma 72. Kumbe 61 ilikuwa asilimia ya maziwa yaliyobaki kwenye tangi! Mchana wote ukaishia kufungua kisanduku kimoja baada ya kingine.

Kwa Ignition anwani unaiandika mara moja, ndani ya tagi, yaani jina linalosimamia namba moja ya PLC. Unaiburuta tagi hadi kwenye skrini, unachagua kama ni ya kuonyesha au ya kudhibiti, na kiungo kiko tayari. Anwani ikibadilika unagusa tagi peke yake. Pampu zetu 4 zinatumia kiolezo kimoja, kila moja na jina lake.

Kosa nililofanya mwenyewe ni hili. Kisanduku cha kuweka joto nilikiunda kwa mkono, nikasahau kuruhusu njia mbili, yaani skrini isome kutoka PLC na pia iiandikie. Mama wa zamu ya usiku akaandika 74, akaiona 74, kisha akanipigia: "Fundi, nimeweka sabini na nne na joto halisongi." PLC ilikuwa bado na 72. Afadhali, maana nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 zinatosha kuua vijidudu vya magonjwa. Lakini skrini ilikuwa imemdanganya mtu anayeitegemea, na hilo liliniuma.

Siku hizi kando ya kila namba ya kuandika naweka namba ya pili, inayosomwa kutoka PLC kwa tagi yake. Njia mbili ikiwa wazi na PLC ikakataa, namba uliyoandika inarudi yenyewe ilivyokuwa baada ya sekunde chache. Na rangi ya kijani inayoonyesha pampu inawaka sikichukui tena kwenye amri ya kitufe; nakichukua kwenye mguso wa kontakta, ile swichi inayopeleka umeme kwenye pampu, ili pampu ikikataa kuwaka rangi isibadilike.

Waya wa mtandao ukichomoka, kisanduku kinawekewa alama kwamba data si ya kuaminika. Ile ya zamani ilikuwa inaacha namba ya mwisho imeganda hapo, unadhani kila kitu ni shwari.

Ukitaka kuijaribu, bila leseni inakwenda kwa muda wa saa 2, halafu unaianzisha upya kadiri upendavyo. Anza na kisanduku kimoja cha kuandika namba, kisha chomoa waya uone kinavyofanya.