Bima ya nyumba baada ya mafuriko: tathmini ya huduma ya madai tuliyoipata Tegeta

Masika ya mwaka 2024 yalikuta ardhi ya Dar es Salaam imekwisha kulowa kwa mvua za El Niño, na nyumba nyingi za kandokando ya Mto Tegeta, yetu ikiwemo, ziliingiwa na maji. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua hizo. Sisi tulinusurika sote, tukabaki na kuta zilizolowa hadi usawa wa soketi, makabati yaliyovimba na jokofu lililojaa tope. Naandika kuhusu kampuni iliyoikatia nyumba hiyo bima kupitia benki iliyotukopesha fedha za ujenzi. Sitaitaja jina, kwani kasoro kubwa niliyoiona inahusu namna bima za aina hii zinavyouzwa, na msomaji mwenye mkopo wa nyumba yafaa aichunguze hati yake popote alipokatiwa.

Upande wa madai unastahili sifa. Aliyepokea simu yetu alitueleza kwa utulivu kwamba tupige picha kabla ya kufanya usafi, tusitupe kitu chochote kilichoharibika, na tuhamishe vile vinavyoweza kuokolewa, kwa sababu mwenye bima anawajibika kuzuia hasara isiongezeke. Mkadiriaji hasara alifika tope likiwa bado sakafuni. Alipima kwa futi alama ya maji katika kila chumba, akabonyeza plasta kwa kidole gumba ili kuona ilipolainika, akafungua jokofu kwa nyuma na kuandika namba yake. Katika ukuta wa jikoni alituonyesha weupe wa chumvi uliokuwa juu zaidi ya alama ya mafuriko, akatufafanulia kwamba huo ni unyevu wa siku nyingi unaopanda kutoka kwenye msingi, na kwamba bima haiulipii. Hatukupata fedha za ukuta huo, lakini uamuzi wake niliuona wa haki, kwa kuwa aliutoa mbele yetu na kwa ushahidi tuliouona kwa macho yetu.

Nyaraka zilizotakiwa zilikuwa fomu ya madai, picha, barua ya mtendaji wa mtaa, makadirio ya fundi na stakabadhi za vitu. Baadaye kampuni iliomba pia taarifa rasmi ya mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ombi hilo naliona halikuwa la lazima kwa tukio ambalo mkadiriaji wao alilikuta bado na tope lake.

Ugumu ulianza pale hesabu ilipotoka. Benki ilikuwa imeikatia nyumba bima kwa kiasi cha mkopo, si kwa gharama ya kuijenga upya, na hati ina kipengele ambacho mawakala hukiita avareji. Kwa kipengele hicho, nyumba inayohitaji shilingi milioni 120 kujengwa upya, ikiwa imekatiwa bima ya milioni 60, huhesabiwa kuwa mwenye nyumba amejibebea mwenyewe nusu ya hatari. Kwa hiyo hata hasara ndogo ya milioni 10 hulipwa milioni 5, na humo bado hukatwa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye bima hujilipia katika kila dai. Wengi hudhani kwamba bima ndogo inatosha kwa hasara ndogo, na hakuna aliyetueleza vinginevyo siku ya kutia saini. Isitoshe, benki ndiyo iliyoandikwa kuwa mlipwaji wa kwanza wa fidia ya jengo, kwa hiyo fedha zilipitia huko na ilitubidi kuomba kwa barua zitolewe kwa ajili ya matengenezo. Vyombo vya ndani vililipwa moja kwa moja kwa sababu tulivikatia bima yake wenyewe.

Jirani yetu alikuwa na hali ngumu zaidi. Hati yake ilikuwa ya bima ya moto peke yake, ambayo kwa kawaida hugusa moto, radi na milipuko fulani, ilhali mafuriko, tufani na tetemeko la ardhi huongezwa kwa makubaliano na kwa ada ya ziada. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 latosha kuonyesha kwamba nyongeza hizo si za kupuuzwa nchini kwetu.

Nilipolalamika kwa maandishi, kampuni ilijibu ikitaja namba ya kipengele na kuonyesha hesabu yote hatua kwa hatua, nami nikaridhika kwamba imefuata mkataba. Asiyeridhika anaweza kufika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ila asitie saini hati ya kukubali malipo, ile dischaji vocha, kabla hajaielewa, kwa sababu saini hiyo ndiyo inayofunga dai.

Kitengo chao cha madai ningekipendekeza kwa ndugu yangu bila kusita. Uuzaji wao kupitia benki siwezi kuupendekeza, maadamu hati inatolewa kwa Kiingereza pekee na mteja haulizwi gharama ya kuijenga nyumba yake upya. Tumeendelea nao kwa sharti moja: mkadiriaji majenzi alitupatia gharama halisi ya kulijenga jengo, bila thamani ya kiwanja, na kiasi hicho ndicho kilichoandikwa katika hati mpya. Ada imepanda, pamoja na VAT ya asilimia 18 juu yake, na tunailipa.