Queen Sono: steringi wa kike niliyemsubiri tangu enzi za banda umiza

Nimekulia Tanga, na filamu za mapigano nilizianzia kwenye banda umiza, nimebanwa benchini katikati ya kaka zangu wawili. Steringi alikuwa mwanamume siku zote. Mwanamke alitekwa, akafungwa kamba, akasubiri kuja kuokolewa. Kwa hiyo dada aliponiambia kuna tamthilia ya Kiafrika ambayo steringi ni mwanamke na anapiga kwelikweli, nililipia Netflix mwezi mmoja kwa ajili yake tu.

Inaitwa Queen Sono, kutoka Afrika Kusini. Ilitoka Februari 28, 2020, ikiwa tamthilia ya kwanza ya Kiafrika ambayo Netflix waliiagiza wenyewe. Aliyeibuni ni Kagiso Lediga, na Pearl Thusi ndiye Queen, jasusi wa kikosi cha siri cha serikali. Nilipanga kutazama sehemu moja nilale. Kumbe inaanzia Zanzibar! Usingizi ukaruka. Nilizima simu saa tisa usiku, zimebaki sehemu mbili kati ya sita.

Mapigano ni mazuri, lakini kilichonishika ni hasira iliyo nyuma ya ngumi zake. Mama yake, Safiya Sono, alikuwa mpigania uhuru maarufu, akauawa Queen akiwa bado mtoto. Kila mtu anamtaja Safiya kama shujaa wa taifa, na huyu binti amebaki anatafuta ukweli wa nani hasa alimuua mama. Mimi nimelelewa na bibi baada ya mama kufariki, basi kila alipotokea bibi yake Queen, Mazet, risasi nilizisahau kabisa. Anaigizwa na Abigail Kubeka, mwimbaji mkongwe aliyewahi kuimba na Miriam Makeba kwenye kundi la Skylarks. Nampenda sana yule mama.

Maadui nao wana uzito. Ekaterina Gromova ni Mrusi mwenye kampuni binafsi ya ulinzi, anayetaka kuziweka serikali za Afrika mkononi mwake. Halafu lipo kundi la wapiganaji linaloongozwa na Shandu, nalo linaitwa Watu Wema. Kwa mwenzangu wa Kiswahili, jina hilo linachoma. Wanajiita wakombozi wa Afrika, wanataka mipaka ya wakoloni ifutwe, na bado wanashikana mikono na huyo huyo Mrusi. Vuyo Dabula anamcheza Shandu vizuri kiasi kwamba kuna nyakati nilikubaliana naye, kisha nikajikasirikia.

Kasoro zipo. Sehemu sita hazitoshi kwa mambo yote waliyoyaanzisha. Unahamishwa nchi hadi nchi kabla hujamzoea mtu uliyetambulishwa kwake. Wenzake Queen kazini walistahili nafasi zaidi. Lugha ni nyingi pia, Kiingereza na Kizulu na nyingine, kwa hiyo washa maandishi ya chini tangu mwanzo. Na usiiweke sebuleni watoto wakiwepo, damu ni nyingi na kuna mambo ya chumbani. Kama unatumia bando, pakua kwanza mahali penye WiFi.

Kinachoniuma ni mwisho wake. Inakatika mambo yakiwa yamewiva. Msimu wa pili ulitangazwa Aprili 2020, kisha Novemba mwaka huohuo ukafutwa, maana upigaji picha ulihitaji kuzunguka nchi kadhaa na korona ilikuwa imefunga njia. Hata hivyo ningekushauri uitazame.

Mwezi uliopita nimeirudia pamoja na binti wa kaka yangu, yule yule wa benchi moja bandani. Ana miaka 19. Sehemu ya sita ilipoisha alichukua rimoti akaanza kutafuta ya saba, na sikuwa na moyo wa kumwambia mara moja.