Mara yangu ya kwanza kwenye shoo ya IU, KSPO Dome, Seoul

Nilikuwa na miezi sita tu Korea Kusini, bado nimo kwenye mwaka wa lugha unaotangulia shahada ya uzamili, nilipopata tiketi ya IU, mwimbaji wa kike wa Korea. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, siku ya kwanza kabisa ya ziara yake ya dunia aliyoiita HEREH. Nyumbani watu wakisikia muziki wa Korea wanawaza makundi ya vijana saba au tisa wakicheza kwa hatua moja. IU anasimama peke yake. Alianza kuimba mwaka 2008 akiwa na miaka 15, na nyimbo zake ndizo zilizokuwa mwalimu wangu wa pili wa Kikorea, kwa sababu anatamka neno mpaka silabi ya mwisho.

Tuanze na hela. Tiketi za wasanii wakubwa Seoul siku hizi zinacheza kati ya won 150,000 na 200,000, yaani kuanzia kama laki tatu za Kitanzania. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa posho ya ufadhili, hiyo ni hela ya kula wiki kadhaa. Hata hivyo, kuzipata ndiko kugumu kuliko kuzilipia. Wanachama wa klabu ya mashabiki huuziwa kwanza, na kinachobaki kinagombewa na wote. Siku ya mauzo niliingia kwenye foleni ya mtandaoni nikakuta mbele yangu kuna makumi ya maelfu ya watu. Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzangu Mkorea, aliyenifundisha neno "chwiketing", yaani kuvizia tiketi zilizorudi. Mtu akikata tiketi halafu asilipe benki kwa muda aliopewa, kiti chake kinarudi sokoni, mara nyingi usiku wa manane. Usiku wa tatu nikakidaka kimoja, juu kabisa, karibu na paa. Nilipiga kelele mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka.

Kutoka Daejeon, mji niliokuwa naishi, nilipanda basi la asubuhi, kisha metro ya Seoul hadi kituo cha Olympic Park. Ukumbi wa KSPO Dome ulijengwa kwa ajili ya mashindano ya jimnastiki ya Olimpiki ya 1988, na wenyeji wengi bado wanauita Chejo, kifupi cha jina lake la zamani. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Lakini pale nje ndipo nilipoanza kuelewa nimekuja kwenye kitu gani. Mashabiki walikuwa wanagawiana vitu bure: stika, pipi, kadi za picha walizochapisha kwa hela zao wenyewe. Wanaita "nanum", kugawana. Binti mmoja alinitia mkononi pakiti ya joto, ile unayoitikisa inachemka, akaondoka kabla sijamaliza kushukuru.

Mlangoni nilipata msukosuko. Ukaguzi wa majina ni mkali kwa sababu ya walanguzi, na kwenye akaunti yangu majina mawili yalikuwa yameshikana, ilhali kwenye pasipoti yameachana. Niliambiwa nisimame pembeni. Dakika arobaini nilisimama pale na pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na barua pepe ya malipo, nikiangalia wenzangu wanaingia, roho juu. Mwishowe alikuja msimamizi, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, akainamisha kichwa kuomba radhi, nikapita. Ukijiandikisha kwenye tovuti ya tiketi, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na nafasi zake zote. Na fika saa mbili kabla.

Jukwaa lilikuwa katikati ya ukumbi, watu pande zote nne. Kwa sisi wa juu hilo ni neema, maana hakuna kona iliyosahauliwa. Utaona mgongo wake muda mwingine, kweli, ila anazunguka kila upande na skrini kubwa zimening'inia juu ya jukwaa. Sauti yake ilitufika safi. Besi ndiyo ilivuma kidogo huko juu. Viti ni vyembamba, magoti yanagusa kiti cha mbele. Simu usiitoe kupiga picha, wahudumu wanapita na vitochi. Mwanzoni iliniudhi, baadaye nikashukuru, maana sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa saa zote hizo nikitazama kitu kimoja kwa macho yangu.

Kushoto kwangu alikaa mama wa makamo, peke yake, na taa yake ya mashabiki imefungwa utepe. Nilimwita "imo", mama mdogo kwa Kikorea, akacheka kwa furaha na kuanzia hapo akanilea. Kwenye kila kiti palikuwa na bango la karatasi. Akanionyesha kwa vidole ni wimbo gani tutayainua. Kisha akanifundisha kiitikio ambacho mashabiki wa IU wanacho miaka mingi: "Aiyu cham jota", IU ni mzuri kweli. Kina mahali pake ndani ya wimbo. Ukiwahi, umeharibu.

Nimekulia Tanga, nimekwenda taarabu na mama na shangazi zangu tangu mdogo, kwa hiyo hadhira inayojibu naijua. Kwetu ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda kumtunza mwimbaji mbele za watu. Pale hauinuki. Unachomtunza nacho ni sauti, na mnamtunza wote kwa pigo moja. Nilipokosea mara ya kwanza imo alinigusa goti, akahesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, na mara ya pili nikaingia sawasawa na ukumbi mzima. Nililia. Miezi sita nilikuwa mtu wa kuomba watu warudie walichosema, na sasa nilikuwa nimesema neno moja pamoja na maelfu, kwa wakati wake.

Mgeni wa siku ile alikuwa kundi la NewJeans, na vijana walipagawa. Mimi nilipenda zaidi IU alipokuwa anazungumza kati ya nyimbo, taratibu, kama yuko sebuleni. Nilishika kama nusu. Na msifanye haraka kuondoka taa zikiwaka: yeye anajulikana kwa kurudi jukwaani hata baada ya kuagana, mashabiki wanaomba wimbo naye anaimba. Tulikaa mle ndani kwa muda wa karibu saa nne. Anayetegemea treni ya mwisho kurudi mkoani ataumia, hivyo pangilia pa kulala. Mimi nililala jjimjilbang, nyumba ya mvuke ambako unapewa nguo na mkeka kwa bei ndogo.

Nikiwa nimejilaza pale sakafuni, simu ikatetemeka. Imo, tuliyepeana namba kwenye ngazi, ananiuliza nimefika salama na kama nimekula. Nikamjibu mistari minne, bila kufungua kamusi.