Uzoefu wangu: kukarabati bunduki kuukuu ya mitutu miwili Mombasa

Bunduki yenyewe ni ya marisau, kaliba 12, mitutu miwili iliyolala sambamba, urefu wa sentimita 71, kazi ya Birmingham ya miaka ya kati ya vita vikuu viwili. Mtambo wake ni wa kisanduku, ule uliobuniwa na Anson na Deeley mwaka 1875: nyundo zimo ndani, triga mbili. Niliipeleka kwa fundi mwenye leseni hapa Mombasa ikiwa na kasoro nne. Mitutu ilicheza hata ikiwa imefungwa, mtutu wa kushoto ulikuwa haulipui kila mara, springi ya leva ya juu, ile ya kufungulia bunduki, ilikuwa imevunjika, na kitako kilikuwa na ufa nyuma ya chuma. Ilikaa wiki saba. Kazi ya chuma naipa tisa kwa kumi, ya mti naipa saba.

Fundi aliomba cheti cha silaha kabla hata mkoba haujafunguliwa. Ndivyo inavyotakiwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Fundi wa kuchomelea mageti, hata akiwa hodari wa tupa namna gani, usimpelekee bunduki.

Lipia vipimo kwanza, vipuri baadaye. Mitutu ilitolewa, ikaning'inizwa kwa uzi, ikagongwa kwa kifundo cha kidole. Iliyoshikana vizuri hulia kama kengele. Ikitoa sauti ya debe, lehemu inayoshika ukanda wa chuma katikati ya mitutu imeachia, na hapo gharama huwa nyingine kabisa. Hii ililia vizuri. Kisha kipenyo cha ndani kilipimwa sentimita 23 kutoka nyuma, pale pale wanapopima wapimaji wa Uingereza, kikalinganishwa na namba iliyopigwa mhuri chini ya mitutu. Kaliba 12 kamili ni milimita 18.5. Unene wa ukuta wa chuma, mahali pembamba kuliko pote, ulikuwa milimita 0.66 kulia na 0.61 kushoto. Ukishuka chini ya 0.5, mafundi wengi makini hawataki kuigusa, kwa kuwa kibonyeo kidogo tu kinaweza kuupasua mtutu. Vipimo hivi vikiwa vibaya, fedha ya vipuri ni ya kutupa.

Sasa kazi kubwa: ule mchezo wa mitutu. Kasoro hii hujificha, kwa sababu springi ya kipande cha mbele, kile cha kushikia kwa mkono wa kushoto, huikaza mitutu na kukudanganya. Kivue kipande hicho, funga bunduki, uitikise karibu na sikio. Ukisikia kugonga, au ukiielekeza kwenye dirisha ukaona uzi wa mwanga kati ya mitutu na uso wa mwili wa bunduki, basi imeachana. Yetu ilipitisha jani la fila, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, la milimita 0.15. Nafasi hiyo ndiyo inayoliruhusu ganda la risasi kurudi nyuma linapolipuka, na kila mlipuko unaigonga bawaba na kuipanua zaidi.

Kinachokuwa kimelika ni pini ya bawaba na ile ndoana ya jino la chini ya mitutu inayoizunguka. Kuna njia mbili za mkato ambazo utaambiwa zinatosha. Moja ni kuligonga jino kwa nyundo ili chuma kitambae mbele. Nyingine ni kubandika kipande chembamba cha bati ndani ya ndoana. Zote hubana vizuri siku ya kuchukua bunduki. Baada ya risasi chache chuma laini kinasagika na nafasi inarudi, na jino lililogongwa huwa gumu zaidi kulitengeneza baadaye. Fundi huyu alizikataa zote mbili, na hapo ndipo aliponipa imani.

Pini ya bunduki hii ni ya skrubu, hivyo ilitoka. Nyingine huwa imechongwa pamoja na mwili wa bunduki, na hizo huhitaji kujaziwa chuma kwenye ndoana kwa kuchomelea kidogo kidogo, bila kuipasha moto lehemu ya mitutu. Pini mpya ilichongwa ikiwa nene kuliko ya zamani kwa milimita 0.2, ikatiwa ugumu, ikafungwa. Baada ya hapo mitutu haikubali tena kufunga, na kazi ya kweli ndiyo inaanza. Masizi ya koroboi hupakwa kwenye ndoana, bunduki hufungwa taratibu, hufunguliwa, na palipong'aa ndipo panapogusa. Hapo hupitishwa tupa laini mara mbili tatu, masizi tena, funga tena. Huenda mara thelathini au arubaini kabla ya kufika. Anayeharakisha hukwangua kupita kiasi na kurudi alikoanzia. Uso wa mwili wa bunduki hauguswi kwa tupa kamwe. Kinachopunguzwa ni ndoana peke yake. Mwishoni karatasi ya sigara haikupita, na leva ya juu ikasimama kidogo upande wa kulia wa katikati, kama inavyopasa bunduki iliyobanwa upya.

Mtutu wa kushoto ulikuwa haulipui kwa sababu ncha ya sindano inayopiga fataki, kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, ilikuwa imelika ikawa bapa. Sindano zilibadilishwa zote mbili pamoja na springi zake mbili ndogo. Ncha iwe mviringo kama kichwa cha njiti ya kiberiti na itokeze milimita 1.3 hadi 1.5 nyundo ikiwa imeshuka. Ikiwa fupi, fataki haiwaki. Ikiwa ndefu au yenye makali, hutoboa fataki na gesi hurudi kuelekea usoni mwa mpigaji. Jambo ambalo wengi hawalitazami ni tundu lenyewe ambamo sindano hupita: likiwa limepanuka, hata sindano mpya haitasaidia, kwa maana shaba ya fataki hufurika ndani yake na bunduki ikakataa kufunguka.

Springi ya leva ilichongwa kwa mkono kutoka kwenye bamba la chuma cha springi, umbo la V. Angalia mikwaruzo kabla ya kulipa: msasa lazima uwe umepita kwa urefu wa springi. Mkwaruzo wa kukingama ndio mwanzo wa kuvunjika.

Kosa moja lilitokea hapa, nalo nalieleza kwa kuwa ni la hatari. Baada ya kuunganisha, triga ya kushoto iliachia kwa kilo 1.2 tu. Ikiwa nyepesi hivyo, mshindo wa mtutu wa kulia unaweza kuiangusha nyundo ya kushoto na mitutu yote miwili ikalipuka pamoja. Nenda na mizani ya ndoana, upime mwenyewe mbele ya fundi. Triga ya mbele iwe kama kilo 1.7, ya nyuma kilo 1.9 au 2. Alirekebisha bila ubishi, kisha akakigonga kitako kwenye mpira mzito, risasi bandia zikiwa ndani, kuhakikisha hakuna nyundo inayoanguka.

Kitako kilipasuka kwa sababu ya mafuta ya miaka mingi yaliyoteremka kutoka kwenye mtambo na kuulainisha mti. Gundi haishiki kwenye mti uliolowa mafuta. Alipaka uji wa chokaa ya unga, akapasha joto kiasi, chokaa ikayanyonya, akarudia siku tano, ndipo akatia epoksi. Ufa umefunga vizuri. Alama tatu nimezipunguza kwa sababu rangi ya kiraka haikuoana na mti wa jozi.

Nilipendekezewa pia mitutu itiwe weusi upya kwa kuchemshwa kwenye chumvi kali. Nilikataa. Dawa hiyo inafaa bunduki za kisasa. Kwenye mitutu iliyounganishwa kwa lehemu huila lehemu, na mabaki yake hubaki chini ya ukanda yakila chuma kutoka ndani. Mitutu ya aina hii hutiwa weusi kwa njia ya kutu tu, kutu ya makusudi inayogeuzwa kuwa nyeusi, tabaka baada ya tabaka.

Ukiambiwa chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, iongezwe urefu kutoka milimita 65 hadi 70 ili ipokee risasi za kawaida za dukani, kataa pia. Unapunguza chuma pale penye shinikizo kubwa kuliko pote, na mihuri ya Birmingham ya kuthibitisha uimara wa mitutu haina maana tena. Tumia risasi za milimita 65, zenye gramu 28 za marisau.

Kwa hewa yetu ya chumvi, usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kutu huanza ndani ya wiki chache, hasa majira ya masika. Ifute baada ya kila kushikwa, mafuta yawe utando tu, na uisimamishe kabatini lililofungwa kwa kufuli, midomo ya mitutu ikielekea chini, ili mafuta yasishuke tena kwenye kitako.